Je, Aliyetoka Gerezani Aaminiwe na Kazi ya Umma?

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa kijana wa Mahurunga, kando ya mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Nchi ile ni ya mpunga, korosho na uvuvi, na tangu mwaka 2000 iko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Babu zake walikata mikoko wakajengea nyumba. Naye akakata bila kibali, akashtakiwa, akashindwa kulipa faini, akafungwa. Sasa ametoka, na halmashauri inatafuta mlinzi wa zahanati. Anaulizwa: umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai? Je, jibu la "ndiyo" litoshe kulifunga faili lake?

Wako watakaosema latosha. Kazi ya umma ni amana, na vijana wasiowahi kushtakiwa, nao hawana kazi, ni tele. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mama aliyekosa dawa ya mtoto wake kwa sababu dawa zimeibwa ana haki ya kuuliza nani alishika ufunguo. Kumsamehe mtu ni jambo moja, na kumkabidhi ufunguo ni jambo jingine. Wanaoyachanganya haya mawili, hata kwa huruma, huwadhuru wafungwa wenyewe, maana mmoja akiharibu, kumi hufungiwa mlango.

Lakini hebu tazama Katiba ya nchi ya mwaka 1977. Ibara ya 67 humzuia mtu kuwa Mbunge akiwa amefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Na kwa kosa la kukwepa kodi huhesabu miaka mitano kabla ya uchaguzi. Maana yake sheria imeuliza: kosa gani? Adhabu kiasi gani? Na mahali pengine imeuliza: lini? Ikiwa anayetaka kututungia sheria hupimwa kwa maswali hayo, kwa haki gani mlinzi wa zahanati apimwe kwa neno moja tu, "alifungwa"?

Tena Serikali yenyewe husamehe. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533, na tarehe 26 Aprili 2021 Rais Samia kwa wafungwa 5,001. Mwenye kufungua lango la gereza kwa mkono mmoja hawezi kufunga kila mlango wa ofisi kwa mkono wa pili, kisha akashangaa watu wale wakirudi walikotoka.

Suala hili si geni kwa wanazuoni. Mtu aliyemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi, Kurani Tukufu imeagiza ushahidi wake usikubaliwe, kisha ikawataja kwa namna ya pekee waliotubu na kujirekebisha. Hapo maimamu wakahitilafiana. Abu Hanifa alisema toba humwondolea uasi, lakini ushahidi wake hubaki umekataliwa. Malik, Shafii na Ahmad wakasema akitubu kweli hukubaliwa tena. Na wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao yameenea pwani yetu, wakaweka kipimo: atazamwe mwaka mzima, majira yote yampitie. Mimi naona hekima kubwa hapo, kwani mwenye hila aweza kujizuia msimu mmoja, lakini mwaka una njaa yake na mavuno yake.

Wengine wamejaribu njia ya kutouliza. Nchini Marekani, jimbo la Hawaii lilikataza mwaka 1998 kuuliza habari za makosa kabla ya mwombaji kupewa ahadi ya kazi, na Serikali Kuu ikapitisha sheria ya namna hiyo kwa kazi zake mwaka 2019. Nia ni njema. Ila wachunguzi Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 kwa waajiri wa New Jersey na New York, kabla na baada ya swali kuondolewa katika fomu. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: Wazungu, ambao mwanzo waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya weusi, sasa waliitwa kwa asilimia 43 zaidi. Waajiri waliokatazwa kuuliza wakakisia kwa rangi. Kwetu wangekisia kwa kijiji na kabila. Na watu wa mpakani, tangu Kitaya iliyo kando ya mto uleule iliposhambuliwa Oktoba 2020, hawahitaji kuongezewa shuku.

Basi swali liulizwe, lakini liulizwe mwisho, mtu akiwa amekwisha kupimwa kwa kazi anayoiomba, naye aruhusiwe kujibu kwa kinywa chake. Mkata mikoko wetu alikosa mti, hakuiba dawa. Mwaka umempitia kijijini, na majirani wapo wa kuulizwa. Kama angekuwa ameiba fedha za ushirika wa korosho, ningesema asipewe sanduku la fedha leo. Lakini barabara ya Mahurunga nayo yataka watu wa kuitengeneza, na huko hakuna sanduku.