Upole wa Uvimbe na Mahali Pake

Daktari amwambiapo mgonjwa kwamba uvimbe ulioonekana ndani ya fuvu lake si saratani, amesema kweli, na mgonjwa humshukuru Mungu papo hapo. Shukrani hiyo ina msingi: seli za uvimbe huo hukua polepole wala hazisambai mwilini. Lakini fuvu la mtu mzima ni chumba cha mfupa kisichotanuka. Alexander Monro wa Edinburgh alilieleza jambo hilo mwaka 1783: kinachoongezeka humo hakina budi kukitoa kingine. Uvimbe uleule ungeota begani, pengine ungemsumbua fundi cherehani tu. Je, upole ni sifa ya seli, au ya seli pamoja na mahali zilipo?

Mfano ulio wazi ni shwanoma ya neva ya usikivu na mizani, ambayo kwa mwaka hupata mtu mmoja au wawili hivi katika kila laki moja. Sikio moja hufifia, mlio hauishi, mtu huyumba gizani. Wengi hudhani ni nta. Kipimo cha MRI kikishauonyesha, njia ni tatu: kuupasua, kuulenga kwa miale kwa mbinu aliyoiasisi Lars Leksell wa Stockholm mwaka 1951, au kusubiri huku ukipimwa tena na tena. Upasuaji waweza kuidhuru neva ya uso, jirani wa karibu mno, na mtu akapona akiwa na nusu ya tabasamu. Kwa kuwa mingi iliyo midogo hukaa miaka bila kukua, kusubiri si uzembe. Ni tiba kamili.

Sasa afikiriwe mlinzi wa usiku, mzaliwa wa Kilifi, aishiye Al Wakrah, mji wa kale wa wapiga mbizi wa lulu kusini mwa Doha, ambao jina lake huhusishwa na neno la Kiarabu la kiota cha ndege. Anaambiwa: ni mdogo, si saratani, tusubiri. Kitabibu ushauri huo hauna kasoro. Ila kusubiri kunamdai mtu awepo. Picha ya mwakani haina maana bila ya leo ya kulinganishia, na mkataba wake unakwisha Machi. Mageuzi ya sheria ya mwaka 2020 yalimwondolea haja ya ridhaa ya mwajiri ili abadili kazi. Ukaazi wake ungali umefungamana na ajira. Tena mlinzi aliyeziba sikio moja ana sababu nzuri ya kumficha msimamizi wake.

Je, daktari amuulize, “Mwakani utakuwa wapi?” Asipouliza, amemwandikia dawa isiyopatikana dukani. Akiuliza, huenda akashawishika kumpasua mapema, kabla hajaondoka; na hapo mtu atakuwa amefunguliwa fuvu kwa sababu ya pasipoti yake, ilhali mwenye makazi ya kudumu na uvimbe wa ukubwa uleule angeachwa alale kwake. Dhuluma hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwani huja imevaa huruma. Afadhali kuuliza, kisha kumwachia mwenye kichwa uamuzi, hata akichagua lisilompendeza daktari.

Labda mlinzi huyo hataomba upasuaji wala miale. Ataomba nakala ya picha zake kwenye diski, aitie katika begi la mkononi pamoja na pasipoti.