Picha ya Nyumba ni Mali ya Nani?

Katika biashara zilizoenea mno katika miji yetu ya pwani ni hii ya kuwapangisha wageni nyumba kwa siku au kwa juma. Zamani mwenye nyumba alimwita dalali, na dalali akamchukua mpangaji, wakaingia pamoja. Mpangaji akatazama kuta, akafungua madirisha, akauliza khabari za maji, kisha ndipo ikasemwa kodi. Leo mpangaji yuko Nairobi, au yuko Ulaya, na nyumba haioni ila kwa picha iliyowekwa mtandaoni. Picha imekuwa ndiyo dalali. Kwa hiyo wenye nyumba huwaita wapiga picha wa kazi na kuwalipa. Na baada ya muda huzuka ugomvi: picha zile ni za nani?

Twamwomba msomaji asilione suala hili kuwa dogo. Haki nyingi za watu hupotea katika mambo ambayo kila mmoja aona haya kuyaandika, akichelea kuambiwa kuwa hamwamini mwenziwe.

Na tupige mfano. Mtu ana jumba la mawe mjini Lamu, amempa dalali alisimamie. Dalali amemwita mpiga picha, akamlipa ujira wa siku moja, zikapigwa picha thalathini. Mwaka wa pili mwenye jumba ameachana na dalali. Mwenye jumba asema: "Jumba ni langu, basi na picha zake ni zangu." Dalali asema: "Fedha zilitoka mkononi mwangu." Mpiga picha asema: "Jicho ni langu, na kazi ni yangu." Kila mmoja wa watatu hawa ana neno la kweli, wala hakuna aliye na kweli yote.

Tuanze na mwenye jumba. Dai lake ndilo lililo jepesi kusikilizwa, na ndilo lililo dhaifu kuliko yote. Nyumba ni kitu kimoja, na picha ya nyumba ni kitu kingine. Mtu akimwajiri mwandishi aisifu nyumba yake kwa maneno, maneno yale hayawi mali yake kwa sababu tu kuta ni zake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wa Unguja kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walipiga picha za njia na majumba, na zikauzwa kwa kadi za posta. Mwenye mlango wa nakshi hakuwa mwenye picha kwa kuwa mlango ni wake. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kuwa mtunzi wa picha ni yule aliyeipanga ikawa vile ilivyo: aliyechagua saa ya mwangaza, mahali pa kusimama, na kipi kionekane na kipi kisionekane.

Je, basi picha ni za mpiga picha? Hapa sheria za nchi zahitalifiana, na kuhitalifiana kwake kuna mafunzo. Sheria ya Kenya yaanza kwa kumpa mtunzi haki; kisha yasema kuwa kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa katika kazi yake, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa wenyewe wamepatana kinyume cha hayo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1956, picha iliyoagizwa kwa malipo ilikuwa ya mwenye kuagiza. Sheria ya mwaka 1988 ikaligeuza jambo hilo, haki ikabaki kwa mpiga picha hata akilipwa. Na Marekani vilevile mpiga picha asiye mwajiriwa kwa kawaida hubaki na haki yake mpaka aitoe kwa maandishi. Huko, mwaka 2015, kampuni ya VHT, ambayo hupiga picha za nyumba zinazouzwa, iliishtaki kampuni ya Zillow kwa kuzitumia picha hizo zaidi ya ruhusa. Na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikathibitisha kuwa sehemu ya matumizi yale ilivunja haki. Walioshindana ni mwenye picha na mwenye kuzitumia. Wenye nyumba hawakuwamo katika kesi.

Kwa nini watu wenye akili wahitalifiane hivi? Kwa sababu picha yafanana na vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukimwagiza fundi seremala mlango wa nakshi, mlango ni wako. Lakini mchoro wa nakshi hukununua, naye aweza kumchongea mwingine. Ama picha, hasa ya siku hizi isiyokuwa hata na karatasi, yote ni mchoro. Aweza kuwa nayo mwenye nyumba, na dalali, na mpiga picha, na watu elfu, wala hapana aliyepungukiwa kwa kuwa mwingine anayo. Kwa hiyo kusema "nimelipa" hakutoshi, kwani swali ni: umelipa nini? Umelipia kazi ya siku moja? Umelipia ruhusa ya kuitangaza nyumba yako? Au umeinunua picha yenyewe, umzuie hata aliyeipiga asiionyeshe?

Na tumtazame dalali. Ikiwa aliagiza kwa niaba ya mwenye jumba, na ujira ule akaukata katika kodi, basi yeye ni wakili tu, na tendo la wakili ni la aliyemwakilisha. Ikiwa alitoa mali yake kwa biashara yake, sheria yaweza kumwona yeye kuwa ndiye aliyeagiza. Lakini hata hapo, kuwa na picha si kuwa na nyumba. Akiendelea kuitangaza baada ya kuvuliwa usimamizi, na wageni wakamtumia arbuni kwa nyumba asiyoweza kuwafungulia, huo ni ulaghai, na haki ya picha haimkingi.

Hapa mtu atatuambia: "Sheria imekwisha kukata shauri, Kenya aliyeagiza ndiye mwenye haki. Mwataka nini zaidi?" Jawabu yetu ni kuwa sheria hiyo yaeleza hukumu ya watu walionyamaza. Haiwaamrishi wanyamaze. Tazameni matokeo ya kunyamaza. Kijana mpiga picha apokea ujira wa siku moja, naye adhani, kwa alivyosoma khabari za nchi nyingine, kuwa picha zabaki zake. Mwenye kumwagiza ajua kuwa si hivyo, na asema moyoni: "Nisimzindue." Haki ya picha katika Kenya hudumu miaka 50, tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa watu, ikitazamwa iliyo ya baadaye. Basi kijana ametoa haki ya miaka 50 asijue kuwa ameitoa. Na upande wa pili, ikiwa mpiga picha ndiye ajuaye, aweza kutia neno dogo katika hati ya malipo kuwa haki zote ni zake, na mwenye jumba aitie saini bila ya kuisoma. Kisha siku moja aukute msana wa nyumba yake katika tangazo la biashara ya mtu mwingine.

Sisi twaona kuwa mwenye kunyamaza kwa kukusudia, ili ujinga wa mwenziwe uwe faida yake, amemdhulumu, ijapokuwa hakimu atampa haki. Mahakama hutazama nini kilichoandikwa na nani aliyeagiza; haiwezi kutazama nani aliyejua akaficha. Lakini mtu mwenyewe ajijua.

Tena kuna mtu wa nne, ambaye katika ugomvi huu hatajwi. Naye ni yule akaaye ndani. Majumba yetu ya kale yalijengwa kwa sitara: daka mbele, kisha kiwanda, kisha misana, na ndani kabisa mahali pasipoingiwa na mgeni. Mpangaji anayekaa nyumba kwa kodi ya mwezi, mwenye nyumba akamletea mpiga picha ili atafute mpangaji mwingine, ana nguo zake pale, na picha za watoto wake ukutani. Dari ni ya mwenye nyumba, lakini sitara ni ya mpangaji. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo yalinda khabari za mtu, pamoja na picha yake anayoweza kutambulikana kwayo. Lakini hata pasingekuwa na sheria, idhini ya mwenye kukaa ni kitu cha kuombwa kabla ya kubishwa hodi. Mzozo wa nani mwenye picha usitusahaulishe kuuliza kama ilipasa kupigwa.

Basi tufanyeje? Dawa ni karatasi moja, na iandikwe kabla ya kazi. Iandikwe nani aliyeagiza, na kwa niaba ya nani. Picha zitakuwa za nani. Mwingine atazitumia wapi na kwa muda gani. Nyumba ikiuzwa au dalali akibadilishwa itakuwaje. Na kama mpiga picha ataruhusiwa kuzionyesha kuwa ni kazi yake. Sheria yenyewe haikubali mapatano ya kuhawilisha hakimiliki ila yawe maandishi yaliyotiwa saini. Na hata haki ya mali ikihama, mpiga picha hubaki na haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Kulifuta jina lake ni uchoyo usio na faida.

Wasiseme watu wetu kuwa haya ni mambo ya Kizungu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait mwaka 1988, ilikata kuwa haki za utungaji na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zenye thamani, wala haijuzu kuzivamia. Na Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, katika Suratul Baqara, ni ile iamrishayo deni liandikwe na pawe na mashahidi. Waliofundishwa Aya hiyo tangu utotoni hawana udhuru wa kuona haya kuandikiana. Anayemwandikia ndugu yake haki yake hakumtuhumu. Amemlinda, naye amejilinda nafsi yake na siku atakayoshawishika kuikana.

Wabillahi tawfiq.