Wema Unaotahiniwa: Vigezo na Uongozi katika Mradi wa Skauti Tai

Mradi wa huduma kwa jamii ni mojawapo ya masharti ya kupata daraja la Tai, daraja la juu kabisa la vijana katika uskauti wa Marekani. Kijana aliyefikia daraja la Maisha, la sita kati ya saba, hutakiwa abuni mradi utakaoifaa taasisi ya dini, shule au jamii anamoishi, aupange, kisha awaongoze watu wengine kuutekeleza kabla yeye mwenyewe hajatimiza miaka 18. Akikamilisha hilo na masharti mengine, huitwa Skauti Tai maisha yake yote. Cheo hicho kina faida za wazi: hupendeza katika maombi ya chuo na ya kazi, na anayejiunga na jeshi la nchi hiyo huweza kuanzia cheo cha juu kuliko kuruta wa kawaida. Hapo ndipo linapozuka swali la maadili ambalo dini na falsafa zimelijadili tangu kale: wema ukidaiwa, ukakaguliwa na kulipwa kwa cheo, je, bado ni wema?

Swali hili limekuwamo katika uskauti tangu mwanzo. Robert Baden-Powell, jenerali Mwingereza ambaye baadaye aliishi Nyeri nchini Kenya na kuzikwa huko mwaka 1941, aliwapeleka wavulana wapatao ishirini kambini katika kisiwa cha Brownsea mnamo Agosti 1907. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kilichomtaka kila skauti atende jambo moja jema kila siku. Chama cha Marekani kiliandikishwa tarehe 8 Februari 1910 na William D. Boyce, mchapishaji wa Chicago. Inasimuliwa kwamba Boyce alipotea njia jijini London, mvulana mmoja akamwongoza, na alipotaka kumpa bakshishi mvulana akakataa kwa kuwa skauti hapokei malipo ya wema. Hadithi hiyo imetiwa chumvi kadiri ilivyopita mdomo hadi mdomo, lakini inaonyesha chama kilivyotaka kujulikana: wema wa bure, wa mtu asiye na jina.

Skauti Tai wa kwanza, Arthur Eldred wa jimbo la New York, alipata daraja hilo mwaka 1912. Alikuwa na beji 21 za ustadi, lakini hakuwa na mradi wowote wa huduma, kwa maana sharti hilo halikuwapo. Hata hivyo, Agosti ya mwaka huohuo alisaidia kumwokoa skauti mwenzake asizame majini, akatunukiwa medali ya ushujaa. Wema wa namna hiyo hutokea papo kwa papo, na hakuna kanuni inayoweza kuuagiza. Mradi wa huduma ulifanywa sharti mwaka 1965. Tangu Februari 2019 wasichana nao hupita njia hiyohiyo, na tangu Februari 2025 chama kinatumia jina la Scouting America.

Vigezo vya mradi vimeandikwa kwa uangalifu. Kabla kazi haijaanza, pendekezo lazima likubaliwe na taasisi itakayofaidika, kiongozi wa kundi, kamati ya kundi, na halmashauri ya skauti ya eneo au wilaya. Wanaoidhinisha huangalia mambo matano: kama mradi unatoa nafasi ya kutosha ya kutimiza sharti, kama unawezekana, kama usalama umefikiriwa, kama hatua za kuendeleza mpango zimetajwa, na kama kijana ameshika njia inayoelekea kumfikisha salama. Mradi hauwezi kukinufaisha chama cha skauti chenyewe wala biashara ya mtu. Kuchangisha fedha peke yake hakuhesabiwi kuwa mradi. Fedha huchangwa kwa ajili ya vifaa, na zikibaki huenda kwa taasisi iliyohudumiwa. Kazi za kila siku ambazo zingefanyika hata bila mradi, kama kufyeka majani, kwa kawaida hazitoshi.

Jambo moja halimo katika orodha hiyo, nalo ni idadi ya saa. Daraja la Nyota na la Maisha yote mawili hudai saa sita za huduma, lakini la Tai, lililo juu yake, halidai hata moja. Saa zilizotumika huandikwa katika ripoti kwa ajili ya takwimu tu. Viongozi wa mahali fulani hupenda kujiwekea kima chao, wakisema mradi usipofikia saa kadhaa haufai, ilhali kanuni za chama zinakataza mtu yeyote kuongeza au kupunguza sharti. Kinachodaiwa badala ya saa ni uongozi: kijana lazima awe amewaongoza watu wasiopungua wawili mbali na yeye mwenyewe, wa umri wowote, wawe maskauti au la. Kwa hiyo anayejenga uzio wa shule peke yake kwa wiki nzima, hata uwe imara kiasi gani, amefanya kazi ya kusifiwa ila hajatimiza sharti.

Pingamizi la kwanza dhidi ya utaratibu huu linatoka katika mapokeo ambayo Waswahili wanayajua vizuri. Tenda wema nenda zako, husema wahenga. Tai mtarajiwa hutenda wema kisha hukaa kungoja saini. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawaonya wanaopigiwa tarumbeta wanapotoa sadaka, kwamba hao wamekwisha kupata thawabu yao. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inakubali sadaka ya wazi kuwa ni njema, lakini inaiona ile inayotolewa kwa siri kuwa bora zaidi, na hadithi ya Mtume iliyo mashuhuri kuliko nyingi inafundisha kwamba amali huzingatiwa kwa nia. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mnunuzi kwa sababu tu uaminifu huleta wateja: tendo lake ni sahihi, ila halina thamani ya kimaadili. Kwa mizani hii, kijana anayejenga maktaba ya watoto ili apate nishani ni mwenye duka mwingine.

Pingamizi hilo ni zito, ila linachanganya maswali mawili. Moja linahusu hali ya moyo wa mtendaji wakati anapotenda. La pili linahusu namna moyo unavyofikia kutenda wema kwa ajili ya wema. Mwanafalsafa Aristotle alikuwa na jibu kwa la pili: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Hata hivyo, hakudai kwamba kila atendaye haki ni mwenye haki. Aliweka masharti matatu: mtendaji ajue anachofanya, akichague kwa ajili ya jambo lenyewe, na akitende kutoka katika tabia iliyokwisha kuwa imara. Anayejifunza hajayafikia yote matatu, wala halaumiwi kwa hilo, kwani ndiyo maana anajifunza. Sharti la mradi linamhusu mtu wa miaka kumi na saba, si mzee wa hekima.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliangalia jambo hili kwa upande mwingine, katika mafunzo yao juu ya ria, yaani kujionyesha. Al-Fudayl ibn Iyad, mcha Mungu aliyefariki mwaka 803, anajulikana kwa kauli kwamba kutenda kwa ajili ya watu ni aina ya ushirikina, lakini kuacha kutenda kwa ajili ya watu nako ni ria. Anayeikimbia kazi njema kwa hofu ya kuonekana anajionyesha bado angali anayatazama macho ya watu. Dawa ya nia chafu, kwa fundisho hili, ni kuisafisha nia huku kazi ikiendelea. Wahenga nao hawakuishia kwenye methali moja. Waliosema tenda wema nenda zako ndio waliosema chanda chema huvikwa pete. Zikisomwa pamoja, ya kwanza inamfunza mtendaji asidai, na ya pili inaifunza jamii isisahau. Nishani ya Tai inaharibika pale kijana anaposhika methali ya pili kana kwamba iliambiwa yeye.

Basi vigezo vya mradi vinapima nini, ikiwa nia haipimiki? Vinapima kile ambacho shahidi anaweza kukiona. Hapo ndipo uchaguzi wa uongozi badala ya saa unapopata maana yake ya kifalsafa. Saa huweza kujazwa na mtu ambaye hajali lolote. Anahitaji mwili wake tu uwepo. Uongozi ni mgumu kuigiza kwa muda mrefu, kwa sababu unajidhihirisha katika namna mtu anavyowatendea wengine.

Mfano wa kawaida unatosha. Kijana ameahidi mabenchi sita kwa uwanja wa kanisa. Jumamosi asubuhi mbao zimepangwa, skrubu zimehesabiwa, miwani ya kinga, maji na sanduku la huduma ya kwanza viko mezani, na watu wazima wawili wapo kama kanuni za ulinzi wa vijana zinavyotaka. Skauti wa miaka kumi na mitatu, aliyepewa keke ya umeme kwa mara ya kwanza, anatoboa mashimo sentimita mbili nje ya alama. Kiongozi wa mradi ana njia mbili. Anaweza kumnyang'anya keke na kutoboa mwenyewe, na benchi litanyooka. Au anaweza kusimamisha kazi, kumwonyesha jinsi ya kupima mara mbili kabla ya kutoboa, kisha kumrudishia keke, ingawa saa sita mchana inakaribia na mabenchi manne hayajaguswa. Benchi la njia ya kwanza litakuwa zuri zaidi. Sharti, hata hivyo, linatafuta njia ya pili, kwa kuwa inamtaka kijana amwone mwenzake kama mtu wa kukuzwa na si mkono wa kuazima.

Mamlaka yake pia yana mipaka inayofundisha. Mashine kama msumeno wa mnyororo haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 18, kwa hiyo palipo na mti wa kuangusha kijana hulazimika kumwelekeza mtu mzima mwenye umri mara tatu ya wake: upi ukatwe, na wapi pasiguswe. Hana mshahara wa kutoa wala adhabu ya kutishia. Kilichobaki mikononi mwake ni mpango ulio wazi, maneno ya staha, na imani ya watu kwamba kazi ina maana.

Upotofu mkubwa wa mradi hutokea hapohapo. Mzazi fundi anayechukua hatamu ili mambo yaende haraka humwachia mwanawe jina la uongozi bila uongozi wenyewe. Kamati inayosifu miradi kwa ukubwa huwazoesha vijana kutafuta kinachopigika picha. Na kijana anayechagua mradi kabla ya kuuliza mtu yeyote huweza kuipa shule bustani isiyo na wa kuimwagilia. Dhidi ya kosa hili la mwisho, saini ya taasisi itakayofaidika ndiyo kinga, kwa sababu inamfanya mpokeaji kuwa mwamuzi wa haja yake mwenyewe.

Moses Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12 aliyeishi Misri, alizipanga sadaka katika ngazi nane. Ya juu kabisa ni kumwezesha mhitaji kusimama kwa miguu yake, kwa mkopo, ubia au kazi. Inayofuata ni sadaka ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Mradi wa Tai, wenye ripoti na saini, hauwezi kuwa wa siri. Lakini ngazi ya juu zaidi haikufungwa kwake, kwa kuwa haihitaji usiri: inahitaji kitu kitakachodumu mikononi mwa waliopewa baada ya waliotoa kuondoka. Na kwa kuwa kanuni inasema taasisi ya dini yoyote, skauti Mkristo aweza kuuhudumia msikiti, na Mwislamu sinagogi, bila mradi kupungukiwa na kitu. Sheria ya Skauti ya Marekani ina vipengele kumi na viwili, na cha mwisho, kinachohusu uchaji, kinataka pia imani za wengine ziheshimiwe.

Mwisho wa safari ni jopo la watu wasiopungua watatu na wasiozidi sita, wenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambao lazima wakubaliane wote. Huuliza kama kijana aliongoza kweli, kama alielekeza kazi au aliitazama tu, kama taasisi ilifaidika, na kama mpango ulibadilika njiani na kwa nini. Hawaruhusiwi kumtahini upya aliyoyafuzu. Wanaweza kushuhudia kwamba watu waliongozwa vizuri na kwamba haja ya kweli ilitimizwa. Hawawezi kushuhudia kwamba moyo ulikuwa safi, wala fomu haiwaulizi hilo. Kigezo kinachotambua mpaka huu ni bora kuliko kinachodai kuona kila kitu. Kinaihukumu kazi kwa haki, na kumwachia kijana swali la nia, ambalo hakuna mwingine awezaye kulijibu kwa niaba yake.