Mama Hakutulaza Njaa

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu wetu wa Kiingereza aliniita ofisini akanikabidhi karatasi alizozichapa steshenari kwa hela yake mwenyewe. Ilikuwa fomu ya kuomba nafasi katika shule ya bweni nje ya nchi, shule inayochukua vijana wachache kutoka nchi nyingi na kuwalipia karibu kila kitu wale wasio na uwezo. Fomu ilitaka alama zangu, ilitaka barua za walimu, na mwishoni ilitaka insha ya maneno 500: eleza changamoto kubwa uliyowahi kupitia na jinsi ilivyokubadilisha.

Mwalimu alinishauri kwa nia njema kabisa. "Alama nzuri kila mwombaji anazo," aliniambia. "Kwenye insha ndipo wanapochagulia watu. Wape maisha yako."

Nikawapa. Sikujiuliza kwamba maisha niliyokuwa nayatoa hayakuwa yangu peke yangu.

Tulikuwa tunaishi Tanga. Baba alikuwa fundi seremala, akapata kiharusi nikiwa darasa la sita, na mkono wake wa kulia haukurudi tena kushika randa. Mama, ambaye hadi wakati huo alikuwa anauza vitumbua vya asubuhi tu, akaongeza maandazi, halafu akaongeza chapati za jioni. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kuwasha mkaa. Tulikuwa watoto watatu na hakuna hata mmoja aliyeacha shule.

Kulikuwa na usiku mmoja ambao mvua ilinyesha tangu mchana, mama hakuuza kitu, na ndani hapakuwa na unga. Tulikunywa chai ya rangi yenye tangawizi tukalala. Ninaukumbuka usiku ule vizuri, na nadhani ninaukumbuka kwa sababu haukuwa na mwenzake.

Kwenye insha niliandika kwamba tulilala njaa mara nyingi.

Nilijua ninachokifanya. Kwanza niliandika "siku moja", nikasoma, nikaona sentensi imelegea. Siku moja si changamoto. Nikafuta, nikaandika "mara nyingi", na insha ikasimama.

Miezi miwili baadaye wakaniita kwenye usaili wa njia ya video. Tuliufanya ofisini kwa mwalimu, kwenye kompyuta yake, na shule ikaomba mzazi mmoja awepo. Mama alikuja na gauni la kitenge analovaa harusini. Kiingereza hakijui, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kuelekea mwisho, mama mmoja wa upande wa pili akasema kwa sauti ya upole: mwambie mzazi wako tunamheshimu sana kwa jinsi alivyowasomesha, wakati mara nyingi mlikuwa mnalala bila chakula.

Nikamgeukia mama. "Anasema hongera kwa kutusomesha."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Mwambie ahsante sana. Na mwambie, hata baba yao alipougua, wanangu sijawaacha hata siku moja wakalala bila kutia kitu mdomoni."

Nikaigeukia kompyuta. "Anasema ahsante sana."

Nafasi niliipata. Nilisoma kule miaka miwili, na mengi niliyo nayo leo yalianzia pale. Nikiwa muhula wa pili, mdogo wangu wa kiume alikuta nakala ya insha ndani ya daftari langu la zamani, na kwa kuwa alikuwa anajifunza Kiingereza, akaona atajipima kwa kumsomea mama kwa Kiswahili. Jumapili mama akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za baridi. Kisha akasema, bila hasira: "Mwanangu, kumbe mimi niliwalaza njaa?"

Swali lile ndilo linaloniandikisha makala hii.

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa wa wazi: kila mtu anakuza. Vijana wa familia zenye uwezo wanapoomba shule za namna hii wana washauri wa kulipwa wa kuwanyooshea insha, na wana safari na miradi iliyopangwa mapema ili ionekane vizuri kwenye fomu. Mtoto wa muuza vitumbua ana nini cha kuweka mezani? Ana dhiki yake. Kama mwenzake ameruhusiwa kung'arisha alichonacho, kwa nini yeye akataliwe? Utetezi huu si wa kipuuzi. Mashindano yenyewe hayakuwa sawa tangu mwanzo, na neno moja lililoongezwa haliwezi kuwa ndilo dhuluma kubwa kuliko zote zilizomo ndani yake.

Utetezi wa pili ulikuwa wa kulinganisha. Tanzania tuna shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Huingii kwa kusimulia. Unaingia kwa alama, na fomu haikuulizi mama yako anaamka saa ngapi. Kuna heshima fulani katika kutoulizwa. Lakini alama nazo zina siri zake. Alama 80 ya mwenye tuisheni, umeme na meza ya kusomea, na alama 80 ya anayesaidia kukaanga maandazi kabla ya kengele, kwenye karatasi zinafanana. Mwaka 1958 Mwingereza Michael Young aliandika kitabu cha kejeli kuhusu jamii inayogawa vyeo kwa kipimo cha akili na juhudi, akaonya kwamba washindi wa jamii hiyo wataamini wanastahili kila walicho nacho, na walioshindwa hawatabaki hata na kisingizio. Shule zinazoomba insha zinajaribu, kwa namna yao, kuona kile ambacho namba haikioni. Hilo ni jambo jema. Ila ukisema unataka kuona dhiki, na huku una nafasi mia kwa waombaji maelfu, bila kukusudia umefungua soko la dhiki.

Hili nililijua vizuri zaidi nilipokaa upande wa pili wa meza. Baada ya kumaliza masomo nilijitolea kwa misimu miwili kusoma insha za waombaji katika hatua ya kwanza. Nikisoma insha 40 kwa siku, ifikapo jioni msiba wa kawaida ulikuwa haunigusi tena. Mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja alipata alama ya katikati, na aliyefiwa na wote wawili akapanda. Hakuna aliyeniagiza nifanye hivyo. Siku moja nilisoma insha ya binti aliyeeleza kwa utulivu kwamba nyumbani kwao mambo yalikuwa magumu lakini mama yake alihakikisha wanakula, na mkono wangu ukaelekea kwenye alama ya chini kwa kuwa "hakuna changamoto". Nikasimama pale pale. Yule binti alikuwa ameandika insha ambayo mimi nilipaswa kuiandika, na mimi ndiye niliyekuwa karibu kumkosesha nafasi.

Kwa hiyo sehemu ya lawama naipeleka kwa anayeuliza. Anayemlipa kijana kwa kidonda asishangae kijana akikikwaruza. Lakini kwa mama siwezi kujificha nyuma ya anayeuliza, kwa sababu nilichomkosea mama hakikuwa uongo niliowaambia wageni.

Ilinichukua muda kuliona hilo. Nilidhani kosa langu ni kudanganya, na kwa kuwa uongo ulikuwa mdogo, nikadhani kosa ni dogo. Lakini mama hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alikuwa anauliza kuhusu yeye mwenyewe. Kwa miaka yote baba akiwa kitandani, jambo moja alilolishikilia, lililomfanya atembee mtaani kichwa kikiwa juu, ni kwamba watoto wake hawalali njaa. Kwake ile chai ya rangi ya usiku wa mvua ilikuwa kitu, kwa sababu aliitafuta. Mimi nikalichukua jambo hilo hilo, nikaligeuza, nikaliuza, tena nikamkalisha mbele ya wanunuzi akiwa na gauni lake la harusini bila kujua kinachouzwa.

Mwaka 1785 Immanuel Kant aliandika kwamba tusimtumie binadamu kama chombo tu cha kufikia malengo yetu, bali tumhesabu daima kuwa naye ni lengo kwa nafsi yake. Nilipoisoma hoja hiyo darasani nilidhani inahusu watumwa na vibarua. Sikudhani inaweza kumhusu mama aliyetiwa ndani ya aya ya pili ya insha.

Sisi wa pwani tuna neno letu kwa jambo hili kabla ya Kant: sitara. Kumsitiri mtu ni kumfunika asidhalilike, na anayesitiriwa zaidi ni yule asiye na namna ya kujitetea. Ila ninajua pia sitara ina ubaya wake. Mficha uchi hazai, na wapo watoto wengi walioumizwa majumbani mwao wakanyamazishwa kwa jina la kusitiri familia. Kijana wa namna hiyo akiandika yaliyomkuta, hahitaji ruhusa ya aliyemuumiza. Historia ile ni yake, na kuisema kunaweza kuwa ndio mwanzo wa kupona kwake. Kwa hiyo siwezi kusema tusiandike ya nyumbani kamwe. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kufichua aliyekudhulumu na kumdhalilisha aliyekubeba.

Kuna jambo jingine linanikaa kichwani. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwafananisha waliopata elimu na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Akila na asirudi, ni msaliti. Mfano ule hutumika kutukumbusha kurudi. Lakini kabla ya kurudi kuna kuondoka, na kuna namna mbaya ya kuondoka pia. Aliyekipata chakula kwa kuwachafua waliompa, hata akirudi na gunia zima, anarudi na deni jingine ambalo gunia halilipi.

Siku hizi vijana wananiomba niwasomee insha zao kabla ya kuzituma. Wengine wanaomba shule za UWC, wengine African Leadership Academy ya Johannesburg. Siwaambii waache kuandika shida zao; nikiwaambia hivyo nitakuwa mnafiki, mimi niliyekwisha kupanda ngazi. Ninawapa sharti moja tu. Mtu mwema aliyemo ndani ya insha yako, msomee kwa lugha anayoielewa, neno kwa neno, ukiwa umemtazama usoni. Akikubali, tuma. Ukiona kuna sentensi ungependa kuiruka ukifika mbele yake, sentensi hiyo ifute, hata kama ndiyo inayoisimamisha insha. Wapo walionijibu kwamba kwa sharti hili wanaweza kukosa nafasi. Ni kweli, wanaweza kukosa, na sina cha kuwafidia. Kitu ambacho hakiwezi kukugharimu kitu chochote hakihitaji sharti.

Na ninaowajua wanaosoma maombi ninawaomba jambo dogo: badilisheni swali. Muulizeni kijana nani anamtegemea, na kazi gani anaifanya vizuri bila kuambiwa. Yule binti wa mama aliyehakikisha wanakula angekuwa na mengi ya kujibu. Nilimpa alama ya juu, kama mnataka kujua. Sikuwa na uhakika kama nilimtendea haki yeye au nilikuwa namlipa mama.

Siku ile ya simu nilimjibu mama kwamba hapana, hakutulaza njaa, niliandika vile ili nipate nafasi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi soma sana." Hatukulizungumza tena kwa miaka mingi.

Wiki iliyopita nilimpigia, nikamwambia nataka kuliandika, nikamsomea makala hii kuanzia mwanzo. Alisikiliza yote. Pale kwenye usaili alicheka. Alisema siku ile alijua sikutafsiri sawasawa, kwa sababu maneno yake yalikuwa mengi na yangu yalikuwa machache. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna cha kufuta.

"Usifute kitu," alisema. "Ila umesahau deni la dukani. Tulikopa unga na mafuta miezi minne, baba yako alipokuwa hospitali. Andika kwamba tulikopa." Nikasikia anavuta kiti. "Na andika kwamba nililipa lote."

Tulikopa. Alilipa lote.