Guni Lililopinda

Kwa Kiswahili guni ni vitu viwili. Kwa seremala ni kile kipimo cha pembe mraba anachokiegemeza kwenye kona ili aone kama imekaa sawa. Kwa mshairi ni shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Neno lilelile kwa huyu linapima, kwa yule limeshindwa kipimo. Nilikuwa nauona huo kama mzaha wa kamusi tu, mpaka nilipounda mashine ya CNC na shemeji yangu.

Kwa asiyeijua, hiyo ni mashine ya kuchonga inayofuata mchoro wa kompyuta. Unachora, programu inageuza mchoro kuwa amri, mota zinapeleka kisu kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Yetu ilikuwa ya kujiundia nyumbani: fremu ya plaiwudi, reli, skrubu ndefu, bodi ya Arduino yenye programu ya GRBL. Shemeji ni seremala, kwa hiyo fremu ilikuwa yake. Umeme na hesabu vilikuwa vyangu. Alipotaka kupanga kona kwa guni lake la mbao, kuukuu, limelika kingo, nikamzuia. "Shem, tumia hili." Nikampa la kwangu, la chuma, jipya. Akaliangalia, akaliangalia lake, akasema, "Haya, mashine ni yako."

Kipande cha kwanza kilikuwa mraba wa milimita 200. Nikapima pande zote nne: 200, 200, 200, 200. Nikafurahi. Kisha nikapima kona hadi kona: 284 huku, 282 kule. Mraba wa kweli ungetoa karibu 283 kotekote. Yaani kila ubavu ulisema kweli, na umbo zima likasema uongo. Msomaji wa mashairi ameshakutana na hali hii: kila mshororo una mizani yake 16, na ubeti bado hausimami.

Nikakagua hesabu. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Kila hatua nimeigawa mara 16, zinakuwa 3,200. Skrubu inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, kwa hiyo ni hatua 400 kwa kila milimita. Sawasawa. Nikakaza nati, nikaangalia kama mota inaruka hatua. Wapi. Ikabaki fremu. Nikamwambia shemeji, kwa ule upole wa mtu mwenye uhakika, kwamba kona zake zimekaa vibaya. Akazipima tena kwa guni langu. Zikaonekana sawa. Akanyamaza.

Usiku ule, peke yangu, nikafanya jaribio ambalo mafundi wanalijua tangu zamani. Nikaegemeza guni kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, nikachora mstari. Nikaligeuza, nikachora mwingine kuanzia nukta ileile. Guni la kweli hurudia mstari wake. Langu lilitoa mistari miwili iliyoachana. Kwenye urefu wa sentimita 30 ilipishana kwa milimita nne na kitu. Kosa lenyewe ni nusu ya hapo. Zinatosha.

Hapo ndipo swali lilipoanza, na nililijibu vibaya. Badala ya kumwambia, niliupinda mchoro kwenye kompyuta, kinyume na mashine ilivyopinda. Kosa likala kosa. Kesho yake mraba ukatoka safi. "Umeipata?" shemeji akauliza. Nikasema, "Kilikuwa kitu kidogo kwenye programu."

Ungenibana siku ile ningejitetea hivi: mbao iliyotoka ni mraba. Mteja hanunui fremu, ananunua mbao. Matokeo yakiwa sahihi, nani ameumia?

Hoja hiyo si nyepesi. Dunia imejaa vitu vilivyonyooka vilivyotengenezwa kwa vifaa vilivyopinda. Kama kifaa kamili kingehitaji kifaa kamili ili kizaliwe, cha kwanza kingetoka wapi? Mwaka 1840 fundi Mwingereza Joseph Whitworth aliwaeleza wanasayansi jinsi ya kupata uso wa chuma ulio bapa kabisa. Siri ni kutumia sahani tatu. Ukilinganisha na kukwangua mbili tu, zinaweza kushikana vizuri huku moja imebonyea na nyingine imetuna. Zimekubaliana, na zote zimekosea. Ukileta ya tatu, na kila moja ikalinganishwa na zile nyingine mbili, upotovu unakosa pa kujificha.

Fremu yetu na guni langu vilikuwa sahani mbili. Vilikubaliana kabisa. Shahidi wa tatu alikuwepo, lile guni kuukuu, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Wiki iliyofuata shemeji akachonga kitu chake mwenyewe, kifuniko cha sanduku, kwa mchoro aliochorewa na mtu mwingine. Kikatoka upande. Akanijia. "Shem, samahani. Ulisema kweli, fremu niliikosea. Nitaifungua niipange upya, sitakudai."

Basi nikajua nani ameumia.

Nimefikiri sana tangu hapo. Kufidia kosa kwa hesabu si dhambi. Hata mashine kubwa za viwandani hufidiwa makosa ya skrubu zao kwa hesabu. Lakini fidia ile imeandikwa ndani ya mashine. Atakayekuja kesho ataikuta na ataisoma. Yangu ilikuwa kichwani mwangu, na kila ambaye hakuwa mimi aliachiwa mashine iliyopinda bila taarifa. Mashine yenyewe haina lawama. Mota za namna ile zinahesabu hatua tu, hazina njia ya kujua zimefika wapi. Mimi nilikuwa nayo. Nilipima, nikajua, kisha nikatumia ujuzi wangu kuhakikisha kwamba hakuna mwingine atakayejua.

Nikachukua maguni yote mawili, nikachora mbele yake. Lake lilirudia mstari wake, kana kwamba halikuwahi kugeuzwa. Langu likaachana na lenyewe.

Aliitazama ile mistari kwa muda. Nilitegemea aniulize limepinda kiasi gani; nilikuwa nimeshaandaa jibu, pamoja na hesabu zake.

Akauliza, "Ulijua tangu lini?"