Joto la Unguja na haki ya kivuli

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhaanahu Wataala, aliyeumba jua na akakijaalia kivuli kuwa neema kwa waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa moja ya mwezi wa Februari nilitoka msikitini hapa Unguja huku nalalamika. Feni zilikuwa zinazungusha hewa ya moto na kanzu imenigandia mgongoni. Nikamwambia mzee mmoja niliyetoka naye kuwa joto la mwaka huu halijapata kuonekana. Akacheka. "Maneno hayo uliyasema mwaka jana. Na marehemu baba yako, Mungu amrehemu, akiyasema kila kaskazi."

Nilipotulia niliona mzee ana hoja. Kisiwa chetu kiko kiasi cha nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta. Jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, na mchana na usiku karibu hulingana miezi yote. Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33. Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma, mchana huwa kama 28 au 29 na usiku hushuka mpaka karibu 22, nasi tukaenda swala ya alfajiri na masweta kama watu wa London! Tofauti yote ndiyo hiyo, nyuzi nne au tano. Allah ametuzungushia bahari, nayo haipati moto haraka wala haipoi haraka. Ndiyo inayotukinga na baridi, na ndiyo hiyo hiyo inayotuletea unyevu unaofanya jasho lisikauke.

Mzee naye tusimwachie moja kwa moja, maana joto la dunia kwa wastani limepanda kwa zaidi ya nyuzi moja tangu karne ya 19, na kisiwa hakikusalimika. Lakini si hilo lililonikosesha usingizi siku ile.

Mtakumbuka kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme. Ilikuwa kaskazi. Joto lilikuwa lile lile la kila mwaka. Kilichotofautiana ni nani ana jenereta na nani hana. Mwenye nayo alilala. Asiyekuwa nayo alitoa mkeka barazani na kupambana na mbu mpaka alfajiri. Hapo nikafahamu kwamba joto hushuka kwetu sote sawa, ila kivuli tunagawana wenyewe, na mara nyingi tunadhulumiana.

Siku ile ninayoisimulia, nje ya msikiti palikuwa na hamali amesimama na mkokoteni wa saruji, saa saba na nusu ya mchana. Mwenye mali, muumini tuliyetoka kuswali naye safu moja, alikuwa akimhimiza asichelewe. Kijana aliomba apumzike chini ya mwembe. Akakataliwa. Nami niliyekuwa nalalamikia feni nikapita zangu. Astaghfirullah.

Mtume (SAW) aliishi kwenye joto kali kuliko letu. Masahaba walikuwa wakitandika ncha ya nguo chini ya paji la uso kwa sababu ardhi ilikuwa inaunguza, na yeye mwenyewe akaelekeza adhuhuri icheleweshwe joto likizidi, mpaka lipoe kidogo. Hebu tazameni: swala, nguzo ya dini, inasogezwa kwa ajili ya joto. Saruji ya mtu haisogezwi? Alikataza pia mtu kujisaidia kwenye kivuli wanachopumzikia watu, ikaonesha kuwa kivuli kina wenyewe. Na kuhusu wanaotutumikia alifundisha kuwa ni ndugu zetu, tusiwatwishe wasiloliweza, na tukiwatwisha basi tuwasaidie.

Hija ya mwaka 2024 ilitupa funzo zito. Makka joto lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudia ikatangaza kuwa waliofariki ni zaidi ya 1,300. Wengi wao walikuwa hawana vibali, kwa hiyo walitembea masafa marefu juani bila hema wala pa kujistiri. Allah awarehemu. Aliyekuwa na pa kujistiri hakukutana na jua lile lile.

Ndugu zetu wa Oman, ambao tuna nasaba nao, wameweka sheria: kuanzia Juni hadi Agosti vibarua wa nje hawafanyi kazi kati ya saa 6:30 na saa 9:30 mchana. Atasema mtu kwamba nyuzi 33 si 45. Ni kweli, lakini na abebe yeye mfuko wa kilo 50 kwenye unyevu wa Machi kisha aje tuzungumze.

Hivi sasa kamati ya msikiti wetu inachangisha fedha za viyoyozi. Sipingi, na mchango wangu nimetoa. Nimeomba tu kwamba kabla ya kiyoyozi cha kwanza kufungwa, liwekwe turubai na mtungi wa maji nje, pale chini ya mwembe, na kila mfanyabiashara wa safu yetu aahidi mbele ya imamu kuwa mizigo yake haitasukumwa baina ya adhuhuri na alasiri miezi ya kaskazi. Mwenyekiti amesema ombi litajadiliwa. Kaskazi inaingia Desemba.