Kichwa Kikiuma Kule Kirimara

Tarehe 5 Septemba 1970, madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu kabisa na kilele cha Batian cha Mlima Kenya, yaani Kirimara, mita 5,199 juu ya bahari, pale jiwe aliloshika Judmaier lilipong'oka. Akaanguka, mguu ukavunjika vibaya hata mfupa ukatokeza nje. Walikuwa wawili tu. Oelz alimhudumia kadiri alivyoweza, kisha akamwacha pale mwambani na kushuka peke yake kutafuta msaada.

Kumtoa Judmaier kulichukua takriban wiki nzima. Wanachama wa Klabu ya Milima ya Kenya walipanda na dawa na kamba. Rubani Jim Hastings, aliyekuwa akisaidia kwa helikopta, alianguka nayo huko huko mlimani akafa. Mwishowe waokoaji waliletwa kwa ndege kutoka Innsbruck, nao wakamteremsha majeruhi akiwa hai. Kile kibanda kiitwacho Austrian Hut, karibu na barafu ya Lewis, kilijengwa kwa fedha za Waaustria kama shukrani. Leo watu hufika pale, wakapumzika, wakapiga picha, wakaendelea na safari bila kujua shukrani ile ni ya nini, wala kwamba kuna aliyelipa kwa uhai wake.

Najua wasomaji wengi wa Meru na Embu hawatapanda Batian, maana kule ni kwa kamba na misumari ya mwambani. Sisi twaenda kilele cha Lenana, mita 4,985, ambako mtu hufika kwa miguu yake. Na hapo ndipo tunapojidanganya. Jiwe la Judmaier halikumpa muda wa kufikiri. Sisi wa Lenana tunaonywa na miili yetu saa nyingi mapema, wakati mwingine tangu jana yake, na bado tunapita.

Angalia safari ya kawaida ya wikendi kupitia njia ya Chogoria. Watu wanalala kwenye mabanda karibu na lango, kama mita 3,000. Asubuhi wanatembea juu ya bonde la Gorges, wanalitazama ziwa Michaelson chini kule, na jioni wako kambi ya Minto's, mita 4,300 hivi. Saa nane au tisa usiku wanaamshwa kuelekea kileleni, wakati kokoto bado zimeshikwa na baridi na mawingu hayajapanda. Ni safari nzuri mno. Lakini ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Hawa wamepanda 1,300. Afya njema haisaidii sana hapa. Mkimbiaji hodari anaweza kuugua na mama wa makamo akapita salama, tena mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye anayewahi kuugua kwa sababu ndiye anayekwenda mbio.

Dalili huanza jioni ile. Kichwa kinagonga. Chakula kimepakuliwa, mtu anakitazama tu, anasema ameshiba. Wenzake wanacheka: ni baridi, ni uchovu, ni lile gari lililotutikisa kutoka barabara kuu. Aliyetoka Maua na kifurushi cha miraa mfukoni amejiongezea utata, kwa kuwa miraa huondoa usingizi na hamu ya kula, yaani mambo yale yale ambayo yangemwonya. Usiku anatapika mara moja, anasema sasa nafuu. Saa tisa anavaa viatu.

Hapo ndipo mwongozaji mzuri husimama. Humwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine. Anayeyumba kama mlevi ubongo wake umeanza kuvimba. Kikohozi kikavu, na pumzi inayokatika hata akiwa amekaa, ni maji yanayoingia mapafuni, na yakigeuka povu lenye rangi ya waridi, muda umebaki mchache sana. Oelz mwenyewe baadaye alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wa tiba ya maradhi ya mwinuko. Dawa zipo, na oksijeni husaidia, lakini tiba kuu ni kushuka, mara moja, hata kama ni usiku, na kamwe si peke yake. Mita 500 au 1,000 chini, wengi hupata nafuu ya kushangaza.

Kwa nini basi hatushuki? Nadhani ni pesa na aibu. Tumechanga miezi mitatu, tumelipa kiingilio cha shirika la wanyamapori la Kenya (KWS), gari, wapagazi, na kuna rafiki aliyeahidiwa picha ya jua likichomoza. Nani atakuwa wa kwanza kusema, "Mimi narudi"? Sioni kwamba mimi ningekuwa jasiri kuliko wengine. Kule juu kilele kinaonekana karibu, na kichwa chenyewe kinachotakiwa kuamua ndicho kinachougua.

Machi hadi Mei mambo huwa magumu zaidi. Mvua ya masika huku Meru na Embu inatustawishia mahindi, na kule juu ni theluji. Inafunika njia, viatu vinalowa, na mtu aliyelowa kwenye upepo wa alfajiri hupoa mwili haraka kuliko anavyodhani. Mawingu huweza kuziba kila kitu kabla ya saa nne. KWS hairuhusu mtu kuingia peke yake, na bado wapo wanaotafuta njia ya kupenya.

Basi, ndugu zangu, ikiwa kikundi chenu kinapanga safari ya Pasaka, ongezeni usiku mmoja katikati, hata kama itabidi mchange tena. Na kabla gari halijaondoka Chogoria mjini, mtajeni kwa jina, mbele ya wote, mtu atakayeshuka na mgonjwa, na mrudishieni sehemu ya pesa zake akishuka.